Anasoma vizuri lakini anafeli biolojia: kisa cha mwanafunzi mmoja na masomo matatu

Kisa chenyewe ni cha binti mmoja wa sekondari, mwaka wa pili. Jina sitaji wala shule, na kwa kweli haina haja maana mwalimu yeyote anayesoma hapa ana mtoto wa namna hii darasani kwake sasa hivi. Kwenye somo la lugha yuko juu sana, hadithi ndefu anazimaliza, insha zake mwalimu anawasomea wenzake. Alafu ukifungua karatasi zake za biolojia, hesabu na historia unakuta wino mwekundu mtupu. "Hujajibu swali." "Soma swali vizuri." "Hoja iko wapi?" Na kwenye ofisi ya walimu maelezo yakawa mawili tu, walimu wa sayansi wanasema huyu mvivu, anapenda stori tu, na wengine wanamgeukia mwalimu wa lugha, sasa wewe si ndo unafundisha kusoma, mbona watoto hawajui kusoma?

Naomba niende taratibu hapa kwasababu maelezo yote mawili yalikuwa yanaficha tatizo lenyewe, na tatizo lenyewe lilikuwa linaweza kushughulikiwa ndani ya vipindi vya kawaida tu, bila vitabu vipya wala bajeti.

Kilichofanyika kwanza ni kitu rahisi ambacho hakifanyiki sana. Binti aliwekewa ukurasa mmoja wa kila somo, akaambiwa asome kwa sauti, na kila anachowaza wakati anasoma akiseme. Hamna maksi, hamna kumkosoa, ni kumsikiliza. Kutamka hamna shida kabisa, anatiririka, hata usanisinuru na kloroplasti anazipita bila kukwama. Wengi wetu tunaishia hapo, mtoto akitiririka tunaandika anajua kusoma tunaendelea na wengine. Muulize sasa amesoma nini.

Tuanze na biolojia. Ukurasa ulikuwa na aya tatu na mchoro mkubwa wa jani lililokatwa, wenye lebo na mishale inayoonyesha gesi ikiingia na kutoka. Binti alisoma kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho bila kurudi nyuma, na mchoro hakuugusa hata kwa jicho, akausoma ukurasa kama anavyosoma hadithi. Alipoulizwa umeelewa nini akasema mmea unatengeneza chakula chake kwa jua. Sawa, ni kweli, ila hicho alikijua tangu msingi, ukurasa wote haujamuongezea kitu. Habari mpya zilikuwa kwenye mchoro, maandishi yenyewe yalikuwa yanamuelekeza kila baada ya sentensi mbili tazama mchoro, tazama mchoro, ye anapita tu. Na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwenye biolojia mchoro ndo nusu ya maandishi. Kwenye vitabu vya hadithi picha ni pambo, unaweza kuiruka na hupotezi kitu.

Upande wa kuandika ndo inaonekana vizuri zaidi. Swali lilikuwa: eleza kwa nini jani la mmea uliokaa gizani halibadiliki kuwa bluu-nyeusi likipimwa kwa iodini. Binti aliandika karibu ukurasa mzima, mwandiko safi, kwanza tulichukua mmea tukauweka kabatini, baada ya hapo tukachuma jani, tukalichemsha, tukaliweka kwenye spiriti, mwisho tukadondosha iodini na jani halikubadilika. Maksi sifuri na "hujajibu swali". Mwalimu yuko sahihi, hajajibu. Lakini angalia alichofanya, alisimulia, na alisimulia vizuri, kwa mpangilio ule ule ambao kwenye insha unampa sifa. Jibu lililotakiwa lilikuwa mnyororo wa sababu: gizani hamna mwanga, kwahiyo usanisinuru haufanyiki, kwahiyo wanga mpya hautengenezwi na ule uliokuwepo mmea umeshautumia, na iodini hugeuka bluu-nyeusi ikikutana na wanga, ndiyo maana hapa haina wanga wa kukutana nao inabaki na rangi yake ya kahawia. Sentensi mbili zinatosha. Mtoto aliyejaza ukurasa amepata sifuri na hajui kwa nini, maana neno eleza kwenye somo analolipenda linamtaka asimulie na kwenye biolojia linamtaka atoe sababu, na hakuna mtu aliyekaa akamtenganishia.

Hesabu ilikuwa na sura nyingine kabisa. Swali: idadi ya vitabu maktabani iliongezeka kwa asilimia 25 ikafika 500, mwanzoni vilikuwa vingapi? Alisoma mara moja, haraka, akaokota namba mbili, akatafuta asilimia 25 ya 500 akapata 125, akatoa, akaandika 375. Hesabu ya kutoa na kuzidisha iko sahihi, alichokosa ni kusoma. Asilimia 25 ni ya idadi ya mwanzo, siyo ya 500, kwahiyo 500 ni asilimia 125 ya ile ya mwanzo na jibu ni 400. Ukimuuliza 25 ya nini anakushangaa, kwake sentensi ilikuwa chombo cha kubebea namba tu.

Kuna kazi ya Anne Newman ya Australia, 1977, ambayo mi naona kila mwalimu wa hesabu angepaswa kuijua. Alichambua makosa ya wanafunzi kwenye maswali ya maneno kwa kufuata hatua tano: je amelisoma swali, ameelewa linataka nini, ameweza kuligeuza kuwa hesabu, ameifanya hesabu sawa, na amelirudisha jibu kwenye maandishi inavyotakiwa. Uzuri wake ni kwamba unamuuliza mtoto kwa mpangilio huo huo, nisomee, niambie linauliza nini, niambie utafanyaje, fanya nikuone, andika jibu, na pale anapoanguka ndo pa kufundishia. Huyu binti alianguka hatua ya pili na ya tatu. Na dawa aliyokuwa anapewa miezi yote ni ya hatua ya nne, maswali mengi zaidi ya asilimia kila wikiendi, yani anatibiwa sehemu isiyouma.

Na kwenye hesabu maneno madogo ndo yanabeba mzigo. Imepungua kwa 10 na imepungua hadi 10 ni maswali mawili tofauti kabisa. Angalau, isiyozidi, kila, yoyote, mara mbili ya, mara mbili zaidi ya. Msomaji mzuri wa hadithi ana tabia ya kuyaruka maneno kama hayo, na kwenye hadithi haimdhuru kitu, ndo kusoma kwa kasi kwenyewe. Ukienda na kasi hiyo kwenye hesabu unaumia.

Historia ndo ilinigusa zaidi. Walipewa maelezo mawili ya mapigano mamoja, ya kwanza ripoti ya kamanda wa upande ulioshinda akiwaandikia wakubwa zake, ya pili maelezo ya mtu aliyeyasikia utotoni akayaandika uzeeni. Vinapingana kuhusu nani alianza. Swali: kwa nini vyanzo hivi vinatofautiana? Jibu la binti, mstari mmoja: kimoja kimekosea. Alipokuwa anasoma kwa sauti, ile mistari ya juu inayosema nani kaandika, lini, kwa ajili ya nani, aliipita moja kwa moja, akaanza pale maelezo yanapoanza. Kwake mistari ile ni kama namba ya ukurasa.

Sam Wineburg alifanya utafiti Marekani, ukachapishwa 1991, akawapa wanahistoria 8 na wanafunzi 8 wa sekondari nyaraka kuhusu mapigano ya Lexington ya 1775, yale yaliyoanzisha vita vya uhuru wa Marekani, wote wakaambiwa waseme wanachowaza wakisoma. Wanahistoria walikimbilia kwanza kwenye chanzo, nani huyu, alikuwa wapi, ana maslahi gani, ndipo wakasoma maneno yake huku wakiyalinganisha na nyaraka nyingine. Wanafunzi wengi walisoma juu mpaka chini kama wanakusanya taarifa. Na siyo kwamba wanahistoria wote walikuwa wabobezi wa kipindi kile, wengine kipindi hicho siyo fani yao kabisa, walichowazidi wanafunzi ni namna ya kusoma. Binti wetu alifanya vile vile walivyofanya wale wanafunzi.

Kwahiyo hapa tuna mtoto mmoja, kurasa tatu, na matatizo matatu ya kusoma ambayo hayafanani. Biolojia haangalii mchoro na hajui mnyororo wa sababu, hesabu hasomi maneno madogo na harudii, historia hamuulizi mwandishi wewe ni nani. Ukisema hajui kusoma hujasema kitu, na ukimpeleka kwa mwalimu wa lugha akamfundishe, utakuwa unamtuma kwa mtu ambaye hizo namna tatu siyo kazi yake na pengine hata yeye hazijui. Timothy Shanahan na Cynthia Shanahan waliandika 2008 kuhusu hili baada ya kukaa na wataalamu wa hesabu, kemia na historia wakiwa wanasoma, na walikuta hawasomi namna moja, wa hesabu anarudia rudia na kila neno analipima, wa kemia anaruka kati ya maandishi, mchoro na fomula, wa historia ana mwandishi kichwani muda wote. Mwalimu wa somo tayari anasoma hivyo, ila anakifanya bila kujua kwamba anakifanya, ndiyo maana hakifundishi.

Sasa jinsi shule ilivyoanza kulishughulikia. Uongozi ulikuja na mpango wa shule nzima, kwamba kila mwalimu kwenye kila kipindi aanze na hatua zile zile: soma kichwa cha habari, pigia mstari maneno magumu, tafuta wazo kuu la kila aya, fupisha. Kwenye karatasi inapendeza. Mwalimu wa hesabu alikataa kwenye kikao, akasema swali la hesabu halina wazo kuu la aya, na ukipigia mstari maneno magumu watapigia "asilimia" na "maktaba" wataacha neno "kwa". Wengine walimuona mkaidi. Mi nasema alikuwa sahihi na ndo alikuwa ametaja kiini cha kisa kizima bila kukusudia.

Hii siyo mpya wala siyo ya shule moja. Uingereza mwaka 1975 kamati iliyoongozwa na Alan Bullock ilipendekeza kila shule iwe na sera ya lugha inayopita kwenye masomo yote, na tangu hapo na hata kabla ya hapo walimu wa masomo wamekuwa wakiambiwa kila mmoja wao ni mwalimu wa kusoma. Na wamekuwa wakikataa. Mi siwalaumu, ukimwambia mwalimu wa fizikia afundishe kusoma anasikia umemuongezea somo la mtu mwingine juu ya silabasi ambayo haiishi. Ukimwambia mfundishe mtoto kuisoma grafu yako na kuandika hitimisho la jaribio lako, hilo ni somo lake mwenyewe, hakuna mwingine wa kulifundisha.

Mpango ukabadilishwa. Kila mwalimu achague ukurasa mmoja tu kwa wiki, asome mbele ya darasa huku anasema anachowaza, basi. Hiyo ndo ilikuwa amri yote.

Wa biolojia alianza na mchoro, maandishi akayafunika kwa karatasi, darasa likaambiwa mtasema nini kuhusu jani hili kwa kuangalia mishale tu. Alafu akafunua aya ya kwanza, akawa anasoma sentensi moja anarudi kwenye mchoro kuweka kidole, sentensi nyingine anarudi. Inachosha ukiangalia, inakwenda polepole, ila ndivyo ukurasa ule unavyosomwa. Kwenye kuandika aliwapa viunganishi ubaoni, kwa sababu, kwahiyo, matokeo yake, ndiyo maana, na kanuni kwamba jibu lolote la kwa nini lisilokuwa na kimojawapo linarudishwa kabla halijasahihishwa. Wiki za mwanzo walivipachika popote, kwahiyo tukachemsha jani, kwahiyo tukadondosha iodini. Hiyo ni hatua, hawezi kujua kwahiyo inafaa wapi mpaka aiweke pasipofaa akaambiwa hii haijasababishwa na ile, imefuata tu.

Wa hesabu alikataza kalamu. Dakika mbili za mwanzo za kila swali la maneno hakuna kuandika namba, unasoma mara ya kwanza kujua stori, mara ya pili kujua linaulizwa nini, mara ya tatu kutafuta kila namba ni ya nini, alafu unachora. Binti alichora mstari wa vitabu vya mwanzo, akauongezea robo yake, akaandika 500 kwenye urefu wote. Akaona mwenyewe kwamba 500 ni vipande vitano na mwanzo ni vinne.

Kulikuwa na jambo jingine chini ya haya yote, na hapa nataka nikae kidogo maana naona ndo zito kuliko yote. Tulipoangalia madaftari ya mwaka mzima ilionekana wanafunzi karibu hawakuwahi kulazimika kusoma kitabu. Mwalimu anaona kitabu kigumu, anakisoma yeye nyumbani, anatengeneza notsi fupi safi, anaziandika ubaoni, watoto wananakili, anazielezea kwa mdomo, mtihani unatoka kwenye notsi. Anafanya kwa huruma na kwa kubanwa na muda, namuelewa kabisa, lakini matokeo yake ni kwamba mwalimu ndiye anayesoma na mtoto anapokea kilichokwisha kusomwa, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, alafu siku moja mtihani unaleta ukurasa mpya wenye jedwali na aya mbili asizowahi kuziona na tunashangaa kwa nini hawezi. Hawezi kwasababu ni mara yake ya kwanza. Notsi zilimaliza silabasi kwa wakati, hilo sikatai, ila ukurasa mmoja kwa wiki ambao darasa linausoma lenyewe kwa kuteseka kidogo hauwezi kubadilishwa na notsi za aina yoyote.

Kuteseka lakini kuwe na msaada, siyo unampa mtoto ukurasa unakaa mezani kusahihisha. Annemarie Palincsar na Ann Brown walionyesha 1984 njia ya wanafunzi kusoma kwa vikundi kwa kupokezana uongozi, mmoja anafupisha kilichosomwa, anauliza swali, anafafanua palipokuwa na utata, anabashiri kinachofuata, na mwalimu anaonyesha mwanzo alafu anajitoa kidogo kidogo. Wa historia aliichukua ila akaigeuza, kwenye kila kikundi mmoja kazi yake ni moja tu, kila baada ya aya anauliza huyu anayesema amejuaje? Mi nilipenda sana hiyo.

Na maarifa ya nyuma yasisahaulike. Donna Recht na Lauren Leslie mwaka 1988 waliwapa wanafunzi 64 habari ya mechi ya besiboli, na wale wanaosoma vibaya lakini wanaijua besiboli waliielewa kuliko wanaosoma vizuri wasioijua. Kwahiyo sehemu ya ugumu wa ukurasa wa biolojia haikuwa kusoma hata kidogo, ilikuwa hajui gesi inaingiaje kwenye jani. Dakika kumi za kuwaonyesha jani chini ya lenzi kabla ya kusoma zilifanya kazi ambayo kamusi isingeifanya.

Kuandika nako wakaongeza kidogo. Dakika chache za mwisho wa kipindi, andika kwa maneno yako ni nini kimesababisha nini leo. Uchambuzi wa Steve Graham na wenzake wa 2020, uliokusanya majaribio 56, ulikuta kuandika kuhusu kilichofundishwa kwenye sayansi, hesabu na masomo ya jamii kunaongeza kujifunza, kwa kiasi cha wastani lakini kunaongeza. Hapa likaja bishano la tahajia, je wa biolojia akate maksi mtoto akikosea herufi? Kulikuwa na kelele. Mi msimamo wangu ni kwamba kwenye yale maandishi mafupi asikate, ila azungushie istilahi zilizokosewa na viunganishi vilivyopotosha maana, hivyo viwili tu. Ukizungushia kila kitu mtoto anajifunza kuandika kifupi ili akosee kidogo, na huyo binti tayari alishaanza, majibu yake ya historia ya mstari mmoja yalitokana na hapo.

Muhula ulipoisha majibu yake ya biolojia yalikuwa mafupi kuliko ya mwanzo na yanajibu swali. Hesabu bado anafanya haraka akiwa na wasiwasi, hasa mtihani, ila akiambiwa chora anapata. Historia ilikwenda kombo kwa namna ambayo walimu wa historia wanaijua vizuri, alitoka kwenye kuamini kila kitu akaingia kwenye kutoamini chochote. Kamanda anajisifu kwa wakubwa zake, muongo. Mzee alikuwa mtoto amesahau, muongo. Gazeti linataka kuuza, uongo. Anaandika hivyo kwa kujiamini kabisa, na maksi hazijapanda.

Mwalimu wake hakuona hilo kama kushindwa na mi nakubaliana naye. Aliacha kuuliza chanzo kipi ni kweli, akaanza kuwapa chanzo kile kile na maswali mawili tofauti. Ripoti ya kamanda, je inatufaa kujua nani alianza mapigano? Haitufai sana. Je inatufaa kujua kamanda alitaka wakubwa zake waamini nini? Hapo ni dhahabu, hakuna chanzo bora zaidi. Binti akakaa muda mrefu na swali la pili, akaandika nusu ukurasa, na kwa mara ya kwanza akaanza na ile mistari ya juu, kwamba ripoti iliandikwa siku tatu baada ya mapigano na anayeandikiwa ndiye mwenye uwezo wa kumpandisha cheo. Wameanza sasa kufanya hivyo hivyo na yale maelezo ya mzee, na mwalimu wa lugha ameomba wamuachie kipindi kimoja ili alinganishe jinsi mzee anavyosimulia na jinsi kamanda anavyoripoti.